Asitume Mashine, Atume Kisagio: Maswali Yenu Kuhusu Kahawa ya Kikombe Kimoja

*Mama, shikamoo. Nyumbani kwetu Tabata mnywaji wa kahawa ni mimi peke yangu, mume wangu na watoto ni watu wa chai. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nachota kijiko cha kahawa ya kopo, nakoroga, nakunywa nimesimama, natoka kuwahi gari. Dada yangu aliyeko Minnesota amenunua Keurig mpya, ile mashine ya kahawa inayotumia vikopo, na ile ya zamani, ambayo bado nzima, anataka kunitumia kwenye mzigo pamoja na boksi la vikopo vyake. Mimi nilipie usafiri tu. Shoga yangu wa ofisini ananikataza, anasema nikanunue mashine ya kapsuli za Nespresso hapa hapa mjini. Nina laki mbili na nusu. Nimsikilize nani?*
*Mama wa watoto wawili, Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Mshukuru sana dada yako, kisha mwambie mashine asiitume.

Kwanza ni umeme. Keurig inayouzwa Marekani imetengenezwa kwa volti 120, na soketi yako ya Tabata inatoa volti 230. Watu hudhani adapta ya Kariakoo inamaliza shida hiyo. Adapta inabadilisha meno ya plagi tu, volti inazipitisha vilevile zilivyo. Na kile chuma kinachochemsha maji ndani ya mashine kikipewa volti 230 badala ya 120, nguvu yake haizidi mara mbili, inazidi mara tatu na nusu na ushei. Mashine ya wati 1,500 itataka kuvuta wati 5,000 na zaidi. Ukiwa na bahati fyuzi itakatika. Usipokuwa nayo, utanusa plastiki inaungua kabla hujaonja hata tone la kahawa.

Transfoma ya kushusha umeme ipo, ile mafundi wanaiita stepdown. Lakini kwa kitu kinachochemsha maji kwa wati 1,500 unahitaji ya wati 2,000 kwenda juu, na mimi ningekutuma ya 3,000, kwa sababu namba zinazoandikwa kwenye maboksi mengi zimeongezwa. Hilo ni dude zito, linavuma, litakula nusu ya meza yako ya jikoni, na bei yake inaweza kuipita ya mashine yenyewe. Yote hayo kwa kikombe kimoja cha asubuhi! Sikubali.

Pili ni vikopo. Kikopo kimoja cha K-Cup kina gramu 9 hadi 12 za kahawa iliyosagwa tayari. Boksi la vikopo 24, kwa mnywaji wa kikombe kimoja kwa siku, halimalizi mwezi. Likiisha utampigia dada. Atatuma tena mara moja, mara mbili, halafu naye ana maisha yake. Hapo ndipo mashine nyingi zilizotoka nje huishia juu ya kabati zikiwa zimefunikwa kitambaa. Kwa hiyo mtu akiniuliza mashine gani ni nzuri, mimi namrudishia swali: kahawa utakayotia humo utaipata wapi mwezi wa sita kuanzia leo? Ukiwa na jibu la hilo, mashine inajichagua.

Tazama na bei. Kule Marekani ukilipa senti 60 kwa kikopo chenye gramu 10, umenunua kahawa kwa dola 60 kilo moja. Nimefanya kazi ya kuonja kahawa Moshi kwa miaka mingi, nimeonja zilizoshinda na zilizoshindwa mnadani, na ninakuhakikishia kwamba kilichomo kwenye kikopo hakifai bei hiyo. John Sylvan, aliyebuni vikopo hivyo na kuianzisha Keurig na mwenzake Peter Dragone mwaka 1992, alisema mwaka 2015 kwamba yeye mwenyewe nyumbani hana mashine hiyo. Alisema ni ghali kuitumia, na kuchuja kahawa si kazi ngumu. Wala haikubuniwa kwa ajili ya nyumba. Ilianza maofisini mwaka 1998, ikachukua nafasi ya jagi kubwa la kahawa lililokaa tangu asubuhi hadi likachacha, na huko ilisaidia kweli. Nyumbani iliingia mwaka 2004.

Sasa shoga yako. Ana haki katika jambo moja: mashine iliyonunuliwa hapa inakubaliana na umeme wa hapa, na ikiharibika unajua mlango wa kugonga. Ila ulizia unachopata. Kapsuli ya Nespresso ya kawaida, yaani kikopo chake kidogo cha kahawa, ina gramu 5 au 6 tu. Inatoa spreso ya mililita 40, au ukibonyeza kitufe cha kikombe kirefu, mililita 110. Wewe unayekunywa kwa magi utahitaji kapsuli mbili kila asubuhi, ama utaongezea maji ya moto. Kinachotoka ni kizuri, kizito, kina povu juu, na kwa mtu aliyezoea kikombe kidogo cha kahawa chungu ya barazani kinaweza kumfaa. Kabla hujalipia mashine nenda dukani wiki hii, nenda tena wiki ijayo, nenda na mwisho wa mwezi, utazame kama kapsuli zipo kwenye rafu kila mara na kama bei inakaa palepale. Ukikuta rafu tupu hata mara moja, umeshajibiwa.

Mimi nikiwa na laki mbili na nusu yako nisingenunua kitu cha kuchomeka ukutani. Ningemwambia dada: usitume Keurig, nitumie AeroPress na kisagio cha mkono, vyote vinaingia kwenye begi la mtu anayekuja likizo. AeroPress ni bomba mbili za plastiki ngumu, moja inaingia ndani ya nyingine kama bomba la sindano, chini kuna kifuniko chenye matundu unachowekea karatasi ya duara. Aliibuni Alan Adler, mhandisi wa California, akaitoa mwaka 2005, akitafuta hicho hicho unachokitafuta wewe: kahawa nzuri ya mtu mmoja kwa haraka. Kule inauzwa dola 40 hivi. Haina umeme, haina skrini, na sehemu yake inayochakaa ni raba ya mwishoni, ambayo hukaa miaka.

Kinachonifurahisha zaidi kwa nyumba kama yako ni hiki. Adler mwenyewe anapendekeza maji ya nyuzi 80 hivi, hayahitaji kuwa yanatokota. Na kwako, nyumba ya wanywa chai, chupa ya chai ipo. Chemsha maji usiku, jaza chupa nzuri hadi juu, funga. Saa kumi na moja alfajiri, Tanesco wawepo wasiwepo, maji yako yako tayari, mtungi wa gesi hujaugusa, watoto hujawaamsha.

Unafanya hivi. Karatasi kwenye kifuniko, ilowanishe. Kaza kifuniko, simamisha bomba juu ya magi. Tia gramu 15 za kahawa iliyosagwa karibu na ulaini wa chumvi ya mezani, ambazo ni kama vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa. Mimina maji mililita 200, koroga polepole mpaka usione pakavu, subiri dakika moja. Ingiza bomba la pili, sukuma taratibu kwa uzito wa mkono, nusu dakika hivi. Ukisikia hewa inafoka, simama. Fungua kifuniko, sukuma tena, machicha yanaruka kwenye ndoo ya taka yakiwa yamegandamana, unasuuza, unaanika. Mfuko wa gramu 250 unakupa vikombe 16.

Kisagio usikipuuze. Ukiniambia fedha zinatosha kitu kimoja tu kizuri, nunua kisagio kizuri, kahawa utaichujia hata kwenye kitambaa. Punje nzima iliyokaangwa vizuri hukaa na harufu yake wiki kadhaa kwenye mfuko uliofungwa. Ikishasagwa, harufu inaanza kuondoka ndani ya dakika, na baada ya siku chache unakunywa rangi na uchungu. Tafuta cha mkono chenye meno ya chuma cha pua au kauri, ambacho unaweza kukirekebisha ulaini. Blenda ya jikoni inakata ovyo: vumbi kwa mabonge, vumbi linatoa uchungu, mabonge hayatoi kitu. Wakati unasubiri mgeni wa dada afike, kinu na mchi vipo. Mama zetu Kibosho walikaanga kahawa ya kunywa nyumbani kwenye chungu wakatwanga. Twanga kidogo kidogo, pitisha kwenye chekeche, rudisha mabonge kinuni. Ni kazi, lakini kahawa inayotoka hapo inaishinda ya kopo kwa mbali.

Na kahawa yenyewe, mwanangu, unaishi ndani ya nchi ya kahawa. Wajapani wanauziwa Arabika ya Tanzania kwa jina la Kilimanjaro na wanaiheshimu, sisi tunainunua ya unga kwenye kopo. Tafuta iliyokaangwa hapa hapa, mfuko uwe na tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya kuisha muda haikuambii lolote. Ya Kilimanjaro na Arusha ina uchangamfu, ulimi unaamka. Ya Mbinga na Mbeya mara nyingi naikuta na utamu uliotulia, ndiyo ningekupa wewe unayetoka kwenye kahawa ya kopo. Ukinywa na maziwa, changanya na Robusta ya Kagera kidogo, ni nzito, haipotei ndani ya maziwa. Ila Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika, kwa hiyo jioni iache.

*Mwandishi, nakusalimu. Nilifundisha miaka thelathini na sita, sasa nimepumzika hapa Nakuru. Vidole vyangu vina ugonjwa wa viungo, asubuhi haviwezi kukunja ngumi. Nilikuwa nikitumia ile sufuria ya Kiitaliano ya vipande viwili, lakini kuikaza na kuifungua kumenishinda. Wanangu wanataka kuninunulia mashine. Mmoja amesikia kwamba za kapsuli ni anasa na uchafuzi. Niambie ukweli.*
*Mwalimu mstaafu, Nakuru*

Shikamoo, Mwalimu.

Ukweli ni kwamba mashine za kapsuli zimetengenezewa mtu kama wewe, na wanao wanunue bila kusononeka. Niliyomwandikia mama wa Tabata hayakuhusu. Yeye ana mikono mizima. AeroPress inataka kusukumwa, kisagio cha mkono kinataka kuzungushwa, birika la maji ya moto linataka mkono usiotetemeka. Sitaki uungue.

Wakienda dukani wasiangalie rangi wala idadi ya vitufe. Waende na wewe, ushike mwenyewe. Jaribu mkono wa kufungulia sehemu ya kapsuli: uwe mpana, ufunguke kwa kiganja, usihitaji kubanwa kwa vidole viwili. Jaribu tangi la maji: lisiwe nyuma ya mashine ambako lazima ulinyanyue likiwa limejaa, au liwe la kufunguliwa juu ukajazia kwa jagi dogo. Hakikisha inajizima yenyewe maji yakitosha, zipo za bei nafuu ambazo unasimamisha kwa mkono, na mtu akigeuka kidogo kikombe kinafurika. Mwisho, kapsuli iliyotumika idondoke yenyewe kwenye kisanduku. Kenya mna volti 240 na plagi ya meno matatu ya Kiingereza, mashine iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza itakaa sawa.

Hilo la uchafuzi mwanao hakukosea. Jiji la Hamburg, Ujerumani, lilipiga marufuku mwaka 2016 kununua kapsuli za kahawa kwa fedha za jiji, kwa sababu hiyo hiyo ya taka. Kapsuli nyingi za Nespresso ni alumini, na alumini inayeyushwa ikatumika tena bila kuharibika, ila lazima mtu aitoe machicha kwanza. Mpe mjukuu kazi hiyo: Jumamosi moja akwangue machicha yaende kwenye maua, aoshe kapsuli, azikusanye kwenye gunia la chuma chakavu. Kila moja ni gramu moja hivi, lakini mwaka mzima zinakuwa nyingi.

Ile sufuria yako ya Kiitaliano usiitupe. Ni chombo ambacho umbo lake halijabadilika sana tangu Alfonso Bialetti alipoanza kukiuza mwaka 1933, na mjukuu akilala kwako anaweza kukukazia. Aijaze maji hadi chini ya kile kivalvu, asipite, kahawa asiishindilie, na moto uwe mdogo. Watu wengi wanaoichukia wameiunguza kwa moto mkubwa.

*Habari mama. Niko Iowa, Marekani, nimetoka Kongo, Bukavu. Nafanya kazi ya zamu ya usiku. Katika nyumba tunayoishi na wenzangu kuna Keurig tuliyoikuta, lakini kahawa inatoka kama maji ya kuoshea vyombo. Tena vikopo vinakula pesa. Ninunue mashine nyingine?*
*Mtoto wa Bukavu, Des Moines*

Usinunue, mwanangu. Hapo ulipo umeme unakubaliana na mashine na vikopo vipo kila duka, kwa hiyo tatizo lako ni dogo kuliko unavyodhani.

Kikopo kina kahawa ileile ukibonyeza kitufe kidogo au kikubwa. Kinachoongezeka ni maji. Ukibonyeza cha aunsi 12, unapitisha mililita 355 kwenye gramu 10, huo ni uwiano wa 1 kwa 35, na meza ya kuonjea ingekufukuza. Kahawa ya kuchuja inataka karibu gramu 1 kwa maji 17, yaani gramu 55 hadi 60 kwa lita. Bonyeza aunsi 6, ambayo ni mililita 180 hivi. Kama kikombe ni kidogo mno kwa zamu, tumia vikopo viwili vya aunsi 6, usitumie kimoja cha 12. Na kabla ya kuweka kikopo, pitisha maji matupu mara moja, chuma kipate joto na magi ipate joto.

Halafu nunua kile kichujio cha kujaza mwenyewe, ni kikapu kidogo cha wavu kinachokaa mahali pa kikopo. Kuna kipindi, mwaka 2014, Keurig walitoa mashine zinazotambua wino wa kifuniko na kukataa vikopo vya wengine. Wateja walikasirika, kampuni ikarudisha kichujio hicho mwaka uliofuata. Kwa hiyo tazama toleo la mashine yenu kabla hujalipa. Ndani yake tia kahawa iliyosagwa laini kidogo kuliko ile ya dukani, jaza bila kushindilia, bonyeza aunsi 6. Mfuko wa gramu 340 utakupa vikombe zaidi ya 28.

Kwa kuwa wewe ni wa Bukavu, tafuta mfuko ulioandikwa Kivu. Kuna wakaangaji wa Marekani wanaouza Arabika ya Kivu, ya milima ile ile inayozunguka ziwa lenu, na ni kahawa ambayo mimi ninaionja kwa heshima: ina utamu wa matunda, na ikipoa inazidi kuwa nzuri. Kunywa kikombe cha mwisho angalau saa sita kabla ya kulala. Zamu ya usiku inakula mwili, usingizi wa mchana usiuharibu kwa kafeini.

*Bi mkubwa, salaam kutoka Maskati. Mume wangu na mimi tunarudi Unguja mwisho wa mwaka. Huku tunatumia Nespresso, na maduka yanatushawishi tubadilishe tuchukue Vertuo mpya kabla ya kuondoka. Umeme wa huku na wa nyumbani ni mamoja? Na ipi inafaa?*
*Mama wa Kizanzibari, Maskati*

Wa salaam, dada yangu. Umeme usikusumbue. Oman ni volti 240, Zanzibar 230, plagi zote za meno matatu bapa, mashine itafanya kazi siku ya kwanza.

Ila beba ile ya zamani. Mashine za aina ya kwanza za Nespresso zinasukuma maji kwa pampu kupita kwenye kapsuli, na tangu hataza zake kuu, yaani haki za kuzuia wengine kuiga, zilipokwisha muda karibu mwaka 2012, kampuni nyingi zinatengeneza kapsuli zinazoingia humo. Ndugu yeyote anayetoka Maskati, Dubai au London anaweza kukununulia supamaketi bila kuuliza jina. Vertuo, iliyotoka mwaka 2014, ni ukoo mwingine. Inaizungusha kapsuli kwa kasi inayofika mizunguko 7,000 kwa dakika, na inasoma alama zilizochapwa ukingoni ili ijue itie maji kiasi gani. Kapsuli yake haiingii kwenye nyingine wala ya nyingine haiingii kwake, na kwa kiasi kikubwa inatoka kwa mwenye mashine mwenyewe. Kikombe chake ni kikubwa, nakiri, na wanaopenda magi wanaifurahia. Kwa mtu anayehamia kisiwani nisingemshauri kujifunga na duka moja lililo ng'ambo ya bahari.

Zipo pia kapsuli za chuma cha pua za kujaza mwenyewe, zinazoingia kwenye hiyo ya zamani. Nunua mbili huko huko. Zinataka kahawa iliyosagwa laini sana na mkono uliozoea. Mara ya kwanza na ya pili itatoka nyepesi, saga laini zaidi na ushindilie kidogo. Unaweza kutia iliki iliyotwangwa mle mle pamoja na kahawa, robo ya kijiko cha chai isizidi, ukasuuza vizuri baadaye. Mimi sikatazi iliki wala tangawizi. Kahawa ya baraza la Unguja, ya dele na makaa, mashine hii haiifikii, na ukifika utaikuta ipo magharibi kila siku na kashata pembeni, kwa hiyo mashine ibaki ya asubuhi.

*Mashine yangu ya kikombe kimoja imeanza kutoa maji kwa kudondosha, na ndani ya birika la umeme kuna ukoko mweupe. Nimeambiwa nikamulie ndimu. Ni sahihi?*
*Msomaji, Dodoma*

Kwa birika, ndiyo. Kwa mashine, hapana.

Maji ya Dodoma mengi yanatoka visima vya Makutupora, yamebeba chokaa, na kila yanapochemka yanaiacha kwenye chuma. Kwenye birika tia siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, au ndimu kadhaa, chemsha, acha nusu saa, mwaga, suuza mara mbili. Mashine yenye pampu ina mirija myembamba na raba. Nyuzinyuzi za ndimu zinaziba, siki inachakaza raba na harufu yake haitoki haraka. Tumia dawa ya kuondoa chokaa aliyoitaja mtengenezaji kwenye kijitabu. Ukiikosa, unga wa asidi ya sitriki unaouzwa na wauza vifaa vya kuokea, gramu 15 hadi 20 kwa lita, uyeyuke kabisa kwanza. Upitishe nusu, zima mashine dakika 20, pitisha uliobaki, kisha matangi mawili ya maji safi kabla ya kunywa.

Rudia kila miezi miwili, na kuanzia sasa jaza tangi kwa maji ya kunywa ya dumu kubwa, si ya bomba. Kama baada ya hapo bado inadondosha, chokaa imeshashika kwenye pampu au kwenye sindano inayotoboa kapsuli. Chomoa plagi, acha ipoe, safisha tundu la sindano kwa waya mwembamba wa klipu ya karatasi, pitisha maji matupu, ujaribu tena kabla hujampelekea fundi.